Kupiga picha za wadudu kwa karibu kwa kamera ya filamu: anzia kwenye mndimu wa uani

Kamera nyingi za filamu zilizobaki makabatini Dar es Salaam, ziwe Zenit za Urusi, Praktica za Ujerumani Mashariki au Pentax na Canon za Japani, zina lenzi ya milimita 50 au 58. Lenzi hiyo haifokasi kitu kilicho karibu zaidi ya takriban nusu mita, na kwa umbali huo kiwavi aliyekaa kwenye jani la mndimu anatoka kama uzi wa kijani. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kumfanya kiwavi huyo ajaze fremu bila kununua lenzi maalumu ya bei kubwa. Utahitaji seti ya pete za kurefusha, flashi ndogo ya zamani, waya wa kufyatulia, rula na daftari. Vingine unaweza kuazima au kukosa, lakini flashi usiikose, na sababu yake itaonekana kwenye hesabu.

Kagua kamera kabla ya kuiwekea filamu

Filamu ni ghali na haiko kila duka, kwa hiyo usiitumie kujua kama kamera ni nzima. Fungua mlango wa nyuma, elekeza kamera dirishani na ufyatue kwa kila kasi. Kwenye kasi ya sekunde 1, hesabu kwa sauti: pazia likibaki wazi sekunde mbili au likikwama, grisi ya ndani imekauka na kamera inahitaji fundi. Zenit-E haina kasi hizo za polepole. Inaanzia 1/30 hadi 1/500, kisha kuna B tu, ambako pazia linabaki wazi kwa muda wote unaobonyeza.

Angalia sponji nyeusi kwenye kingo za mlango. Baada ya miaka mingi ya joto la pwani sponji hiyo hugeuka kuwa kama lami, na mwanga huingia. Ikwangue kwa kijiti cha mbao chenye spiriti, kisha bandika uzi mzito mweusi wa sufu kwenye mfereji wake. Usiiguse pazia wala kioo kwa spiriti.

Lenzi imulike kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzi nyeupe zinazotambaa kama utando wa buibui ni ukungu. Ukiwa kidogo pembeni, picha bado zitatoka nzuri. Ukiwa katikati, kila picha inayopigwa kuelekea mwanga itakuwa na ukungu wa maziwa. Zungusha pia pete ya apecha, yaani lile tundu la lenzi linalofunguka na kufumba, na uangalie mabati yake. Yakiwa na mafuta hufumba kwa uvivu, na picha hutoka na mwanga mwingi mno bila wewe kujua kwa nini.

Kipima mwanga cha Zenit-E ni cha seleniamu, hakitaki betri, na kikizeeka hakitengenezeki kirahisi. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, hutumia betri kwa ajili ya kipima mwanga peke yake. Betri ikiisha, shata, yaani lile pazia, inaendelea kufanya kazi. Canon AE-1, betri yake ikiisha, haifyatui kabisa, kwa hiyo beba ya akiba. Olympus OM-1 ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ukiiwekea ya volti 1.5 kipimo kinapotoka. Programu ya kupima mwanga kwenye simu inatosha kukisaidia kipima mwanga kilichokufa au kinachodanganya, ila ina kasoro moja kubwa kwa picha za karibu, na tutaifikia.

Pete za kurefusha

Lenzi ikisogezwa mbali na filamu, inafokasi karibu zaidi. Pete za kurefusha hazina kioo ndani. Ni mabomba matupu yanayokaa kati ya kamera na lenzi. Kwa kamera ambazo lenzi yake huzungushwa kama parafujo, kwa uzi wa M42 (Zenit, Praktica, Pentax Spotmatic), seti ya Kirusi ina pete tatu za milimita 7, 14 na 28, ambazo zikiunganishwa zinafika 49.

Gawanya urefu wa pete kwa urefu wa fokasi wa lenzi, upate ukuzaji. Lenzi ya Helios 44-2, inayokuja na Zenit nyingi, ni ya milimita 58. Pete ya 28 inakupa 28 ÷ 58, karibu nusu, yaani 1:2. Pete zote tatu zinakupa 0.84, na ukizungusha lenzi hadi mwisho wake wa karibu unafika 1:1. Kwenye 1:1 kitu cha milimita 10 kinachukua milimita 10 za filamu, na fremu nzima inameza eneo la milimita 24 kwa 36. Kwenye 1:2 inameza 48 kwa 72.

Wengi hukosea hapa kwa kupiga kwanza na kujua ukuzaji baadaye. Amua ukuzaji kwanza. Mpime mdudu kwa macho, chagua pete, kisha usiguse tena pete ya fokasi ya lenzi. Kufokasi utafanya kwa mwili wako, kwa kusogea mbele na nyuma kidogo kidogo. Ukizungusha lenzi ukiwa 1:1, unabadilisha ukuzaji kuliko unavyobadilisha fokasi, na utazunguka hapo mpaka mdudu aondoke.

Pete rahisi hazina pini ya kusukuma apecha. Kwa Helios 44-2 hilo halina shida, kwa sababu lenzi hiyo ina pete mbili za apecha: moja inachagua namba, nyingine inafungua na kufumba kwa mkono. Unafokasi tundu likiwa wazi, unazungusha ile ya pili hadi igote, unapiga. Kwa lenzi nyingine za M42 tafuta swichi yenye A na M pembeni na uiweke kwenye M. Kwa Nikon, Canon na Pentax K, nunua pete zenye mikono ya kupitisha apecha ya kamera hiyo hiyo, la sivyo utabaki na tundu wazi au lililofumba muda wote.

Zipo njia nyingine mbili. Lenzi za kuongezea zinazofungwa mbele kama filta, +1, +2 na +4, hazipunguzi mwanga: +2 inafokasi sentimita 50 na +4 sentimita 25, lenzi kuu ikiwa kwenye umbali usio na mwisho. Ni nzuri kwa maua, lakini kingo za picha hulainika. Njia ya pili ni kugeuza lenzi nyuma mbele kwa pete ya kugeuzia. Lenzi ya milimita 28 ikigeuzwa inazidi 2:1, na hapo unaona nywele za miguu ya nzi. Hiyo iache hadi uizoee 1:1.

Hesabu ya mwanga

Kadiri lenzi inavyosogea mbali na filamu, mwanga unaofika kwenye filamu unapungua. Kamera inayopima mwanga kupitia lenzi, kama K1000, inaliona hilo yenyewe. Simu hailioni, na kipima mwanga cha Zenit-E hakilioni. Hiyo ndiyo kasoro tuliyoitaja, na ndiyo inayozaa filamu nzima za picha nyeusi.

Chukua ukuzaji, ongeza 1, zidisha jibu kwa lenyewe. Kwenye 1:2 unapata 1.5 × 1.5 = 2.25, yaani ongeza mwanga zaidi kidogo ya hatua moja (kila hatua ni mwanga mara mbili). Kwenye 1:1 unapata 4, hatua mbili kamili. Kwenye 1:4 ni 1.56, karibu theluthi mbili za hatua. Kwenye 2:1 ni 9, zaidi kidogo ya hatua tatu.

Weka hesabu hiyo kwenye jua la Dar es Salaam. Filamu ya ISO 200 (namba ya wepesi wa filamu kunasa mwanga) juani kweupe inataka f/16 (namba ya apecha; ikiwa kubwa, tundu ni dogo) kwa kasi ya 1/200 au hapo karibu. Kwa 1:1 unatoa hatua mbili, na kasi inashuka hadi takriban 1/50. Sasa sogea kivulini chini ya mwembe, ambako mwanga umepungua hatua tatu: unabaki na 1/6 ya sekunde. Huwezi kushika kamera mkononi kwa 1/6, na jani lenyewe halitulii kwa muda huo, hasa miezi ya kusi ambapo upepo unaanza asubuhi na kuendelea.

Utasema basi nifungue tundu hadi f/4. Jaribu, uone kinachobaki kikali. Kwenye 1:1 kwa f/16, kina cha ukali, yaani unene wa eneo linalotoka kali mbele hadi nyuma, ni karibu milimita 2. Kwa f/8 ni milimita 1. Kwa f/4 ni nusu milimita: utapata jicho la panzi na hutapata kidevu chake. Ukifumba sana nako kuna hasara. f/22 kwenye 1:1 inafanya kazi kama f/44, na mwanga unaopita tundu dogo hivyo husambaa na kulainisha picha nzima. Kaa kati ya f/11 na f/16.

Kwa hiyo tundu limekwama kwenye f/16, kasi haitoshi, na filamu huwezi kuibadilisha katikati. Ndipo flashi inapoingia. Mwako wake ni mfupi kuliko 1/1000 ya sekunde, na mwako huo ndio unaopiga picha. Mtikisiko wa mkono na wa jani haupati muda wa kuonekana.

Flashi ya zamani

Tafuta flashi ndogo yenye namba ya nguvu 14 hadi 20 kwa ISO 100, inayotumia betri za kawaida na yenye waya wa kuchomeka. Ikiwa imekaa miaka bila kutumika, weka betri mpya, iwashe, iache ijae kwa dakika kadhaa bila kufyatua, izime, kisha rudia mara tatu nne. Kapasita, inayoweka umeme wa mwako, inaamka taratibu. Usiifungue. Ndani kunakaa umeme wa karibu volti 300 hata baada ya kutoa betri. Na usiichomeke kwenye kamera ya dijitali, maana flashi nyingi za zamani hurudisha volti kubwa kwenye waya na zinaweza kuiua. Kamera ya chuma isiyo na elektroniki haijali.

Chomeka waya wa flashi kwenye tundu la X la kamera. Zenit-E ina swichi ya X na M. Spotmatic ina matundu mawili, FP na X. M na FP ni za balbu za zamani za kuungua mara moja. Halafu weka kasi ya shata isiyozidi ile ya flashi: 1/30 kwa Zenit-E, 1/60 kwa K1000 na AE-1, 1/125 kwa Nikon FM. Ukizidisha, pazia linakuwa limeanza kufunga, na upande mmoja wa picha unatoka mweusi kwa mstari ulionyooka.

Fundi wa kuchomelea atakukunjia kipande cha bati nene chenye umbo la L. Kifunge kwenye tundu la stendi chini ya kamera, flashi ikae pembeni mbele kidogo, ikiangalia pale lenzi inapofokasi. Mbele ya flashi weka kipande cha plastiki cheupe kilichokatwa kwenye chupa ya maziwa, au karatasi ya kuokea iliyokunjwa mara mbili. Bila hicho, mgongo wa mende utatoka na doa jeupe la mwako na vivuli vyeusi kama wino. Plastiki hiyo inakula karibu hatua mbili za mwanga.

Sasa hesabu. Flashi ya namba 14, filamu ISO 100, flashi ikiwa sentimita 20 kutoka kwa mdudu, ukuzaji 1:1. Gawanya namba ya flashi kwa umbali wa mita, upate f: 14 ÷ 0.20 = 70. Gawanya kwa 2 kwa ajili ya ukuzaji (1 + 1), unapata 35. Gawanya tena kwa 2 kwa ajili ya plastiki (kugawanya f kwa 2 ni hatua mbili za mwanga), unapata 17. Weka f/16.

Kwenye 1:2, kamera inarudi nyuma na flashi inarudi nayo, tuseme sentimita 23. 14 ÷ 0.23 = 61; gawanya kwa 1.5, unapata 40. Gawanya kwa 2, unapata 20. Bado f/16, kwa tofauti ya nusu hatua ambayo negativu ya rangi inaivumilia. Tunalipenda sana jambo hili, maana ukisogea karibu, flashi nayo inakaribia na kuongeza nguvu, na ongezeko hilo linafidia mwanga uliopotea kwenye pete. Kati ya 1:2 na 1:1 unaweza kuacha f/16 siku nzima na kumfuata mdudu bila kuhesabu tena.

Kwa ISO 200 ongeza tabaka jingine la karatasi mpaka mwanga upungue hatua moja. Hesabu hizi ni za kuanzia. Zithibitishe kwa picha nne za kitu kisichotembea, mfano ganda la konokono: f/8, f/11, f/16, na f/22 kama lenzi yako inayo, kila moja ikiandikwa daftarini. Itakayotoka vizuri ndiyo namba ya flashi hiyo, plastiki hiyo na filamu hiyo.

Wenye Zenit wana tahadhari ya ziada. Kwa 1/30, f/16, ISO 100 na 1:1, jua kali peke yake linatosha kupiga picha kamili. Flashi inapiga picha moja kali, jua linapiga nyingine iliyotikisika juu yake, na mdudu anatoka na kivuli cha pili kama mzimu. Mfunike kwa mwavuli kabla ya kupiga. Kivuli cha mwavuli kinapunguza jua hatua tatu hivi, na mzimu unaondoka.

Kiwavi wa mndimu

Kuna sababu ya kuanzia uani. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, Papilio demodocus kwa jina la kisayansi, hutaga yai moja moja kwenye majani machanga ya mndimu, mlimau na mchungwa. Viwavi wake wadogo ni wa kahawia na nyeupe, wanafanana kabisa na kinyesi cha ndege, na wengi huwapita bila kuwaona. Wakikua wanageuka kijani chenye mikanda ya kahawia na kufika kama sentimita 4 na nusu. Hawaruki, hawakimbii, na kesho utawakuta mti ule ule. Kwa anayejifunza hakuna mwalimu mvumilivu kuliko huyo.

1. Toka saa moja hadi saa tatu asubuhi, kabla upepo haujashika. Mchana jua liko juu kabisa na vivuli vinaanguka chini ya kila kitu. Karibu na tarehe 10 Oktoba na mwanzoni mwa Machi linapita moja kwa moja juu ya jiji.

2. Kwa kiwavi mkubwa weka pete ya 28 (1:2). Kwa mdogo wa sentimita 1, weka zote tatu. Funga lenzi mahali pake, f/16 ikiwa tayari imechaguliwa.

3. Tuliza tawi. Chomeka fimbo ardhini na ubane tawi kwa kibanio cha nguo, sentimita 20 kutoka kwa kiwavi. Usikate tawi, usimhamishe kiwavi. Ukimgusa atatoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Pembe hizo ni picha nzuri, lakini piga kwanza akiwa ametulia.

4. Angalia nyuma yake. Mwanga wa flashi unakwisha haraka, na kitu kilicho nusu mita nyuma kitatoka cheusi tii kana kwamba umepiga usiku. Sogeza jani jingine nyuma yake, sentimita 5 hadi 10, lipate mwanga na libaki laini.

5. Kaa kwenye kigoda, viwiko juu ya magoti. Tundu likiwa wazi, sogea mpaka kichwa kiwe kikali. Weka mwili wake uwe sambamba na mgongo wa kamera. Hapo ndipo milimita chache za ukali zinatumika vizuri: kiwavi aliyekaa upande atakuwa mkali kichwa hadi mkia, na aliyekutazama uso kwa uso atakuwa na kichwa peke yake. (Kwenye 1:2 kwa f/16 una karibu milimita 6. Ni nyingi kwa kazi hii.)

6. Fumba apecha. Dirisha la kamera unalochungulia litakuwa giza, usijali. Toa pumzi, yumba mbele kidogo kidogo, na ufyatue pale ukali unapopita kichwani.

7. Subiri taa ya flashi iwake, kisha uhesabu mpaka kumi zaidi. Taa huwaka kabla kapasita haijajaa kabisa, na picha ya pili ikipigwa haraka hutoka na giza kuliko ya kwanza.

8. Andika: namba ya fremu, pete, f, umbali wa flashi. Filamu haitakukumbusha.

Piga fremu tatu kwa kila pozi, ukisogea nywele moja kila mara. Katika tatu, moja itakuwa mahali sahihi.

Ukitoka uani

Mwembe wowote wenye majimoto ni darasa la 1:1. Viota vyao ni majani yaliyoshonwa kwa hariri ya mabuu wao, na mshono wenyewe, nyuzi nyeupe zinazovuta kingo mbili za jani, unapendeza kuliko chungu mmoja mmoja. Chungu hao wana urefu wa milimita 8 hivi, hivyo hata kwenye 1:1 anachukua chini ya robo ya upana wa fremu. Usiegemee shina. Chomekea suruali kwenye soksi, na paka kilainishi kwenye miguu ya stendi, maana wanapanda.

Kwa vipepeo na kerengende lenzi ya 58 inakulazimisha kusogea mno. Kwenye 1:2 sehemu ya mbele ya lenzi iko kama sentimita 15 kutoka kwao, na wanaruka. Weka lenzi ya milimita 135 kwenye pete zote tatu: unapata karibu theluthi moja ya ukubwa halisi ukiwa nusu mita. Kerengende hurudi kwenye kijiti kile kile, kwa hiyo fokasi kijiti umngoje.

Mikokoni Kunduchi au Mbweni, nenda maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hukauka mbali zaidi lakini pia hurudi kwa kasi. Jua saa ya kupwa kabla ya kuingia topeni. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa hujificha ukifika. Kaa kimya kama dakika kumi bila kusogeza hata mkono, watatoka na madume yataanza kupunga. Hapo tena ni kazi ya 135, kamera ikiwa imelala juu ya kifuko cha kilo ya choroko. Ukirudi nyumbani, ifute kamera yote kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Chumvi hula chemchemi za shata kimya kimya.

Msitu wa Pugu, upande wa Kisarawe, una uyoga, jongoo na kuvu za kila rangi baada ya mvua. Ni hifadhi, kwa hiyo ulizia kibali na ada kabla ya kuingia. Kadhalika visiwa vya Mbudya na Bongoyo. Chini ya miti ile flashi ni lazima, isipokuwa kwa uyoga. Uyoga hautikisiki, kwa hiyo weka kamera kwenye stendi, tumia waya wa kufyatulia na uupige kwa sekunde kadhaa. Ukizidi sekunde 1 filamu huchoka: kwa HP5 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe, sekunde 4 za kipimo zinataka karibu 6, na 10 zinataka karibu 20. Kati ya 1/15 na sekunde 1 kishindo cha kioo kinachopanda hutikisa picha. OM-1 ina swichi ya kukiinua kioo mapema, itumie.

Bustani ya mimea ya mjini, jirani na Makumbusho ya Taifa, ni nzuri kwa magome na majani ya miti ya kale. Ikulu na ofisi za serikali ziko karibu, na kuzipiga picha ni marufuku. Salimia walinzi kwanza, waonyeshe unachopiga, na elekeza lenzi chini.

Filamu kwenye joto

Kwa kuanzia chukua negativu ya rangi ya ISO 100 au 200, kwa sababu inasamehe ukizidisha mwanga hatua moja hata mbili. Slaidi haisamehi hata nusu. Filamu ikae kwenye friji ndani ya kopo lake, itolewe saa mbili kabla ya kazi bila kufungua kopo. Ukilifungua likiwa baridi, umande unatanda juu ya filamu. Usiiache ndani ya gari. Na ukishaipiga, ipeleke ikasafishwe wiki hiyo hiyo, usiikalie miezi.

Wanaosafisha nyeusi na nyeupe nyumbani wanajua kwamba maji ya bomba hapa mara nyingi yako nyuzi 27 hadi 30, wakati dawa zimeandikiwa nyuzi 20. Weka chupa za dawa kwenye beseni lenye barafu, na usilazimishe 20 ikiwa huwezi kuishikilia. HP5 Plus kwenye dawa ya D-76 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ni dakika 11 kwa nyuzi 20, au karibu dakika 7 na nusu kwa 24. Ukienda kwenye joto zaidi muda unakuwa mfupi mno na filamu inatoka na mabaka. Dawa zote na maji ya kuoshea viwe joto moja, maana filamu ikitoka kwenye 24 ikaingia kwenye 30 ngozi yake inakunjamana. Maji ya kisima ya maeneo mengi yana chumvi na huacha madoa, kwa hiyo suuza mwisho kwa maji yaliyokenekwa. Kwa rangi, dawa ya C-41 inataka nyuzi 37.8 kwa dakika 3 na sekunde 15, na hapo joto la Dar linakusaidia.

Lenzi nazo zinataka ukavu, hasa masika. Usizihifadhi kwenye mfuko wake wa ngozi. Ngozi hushika unyevu na ukungu huanzia humo. Ziweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na gramu 200 hivi za silika jeli ya kubadilika rangi. Ikibadilika, ipashe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili tatu, irudishe. Mchele usiutumie, vumbi lake linaingia kwenye pete za lenzi. Na mara moja kwa wiki zitoe, zizungushe, zipate hewa.

Kusoma makosa kwenye negativu

Ziweke juu ya kioo cha simu iliyowashwa nyeupe na uzilinganishe na daftari. Fremu zote zikiwa nyembamba, zinapitisha mwanga mwingi, umesahau hesabu ya ukuzaji au flashi ilikuwa mbali. Zikipishana, moja nzito moja nyembamba, hukusubiri flashi ijae. Zikiwa nzito zote na kina cha ukali ni kidogo, umesahau kufumba apecha. Hilo kwa Helios huwapata wote, na dawa yake ni kuigusa pete kwa kidole kabla ya kila mfyatuo. Ukali ukiwa nyuma ya kichwa kila mara, unayumba mbele kupita kiasi baada ya kubonyeza. Picha nzima ikiwa na mwonekano wa maziwa, jua lilikuwa linapiga uso wa lenzi: weka kiganja au bomba la karatasi nyeusi mbele.

Na ukikuta vijiti na kibanio cha nguo kwenye kingo za picha ambavyo hukuviona ulipokuwa unapiga, kamera yako haina kosa. Dirisha la Zenit-E linaonyesha milimita 20 kwa 28 tu kati ya 24 kwa 36 zinazoingia kwenye filamu. Sogeza kibanio sentimita 3 zaidi nje ya unachokiona.